Santuri za Mkwe Wangu

Jumatatu, 19 Mei

Witness amerudi nyumbani. Nilikuwa shambani nakata vichwa vya alizeti, nikaona mtu anakuja njia ya kwa jirani yangu Dorika na sanduku kichwani, nikadhani muuza vyombo. Nikajiandaa kumfukuza. Kumbe mwanangu! Hana hata nguo ya kubadilisha.

Nikamuuliza, "Kuna msiba huko kwako Ilongero?"

Akatua sanduku chini, akasema, "Mama, msiba wenyewe ndio huu."

Nikafungua. Santuri! Zimejaa mpaka kifuniko kinagoma. Mume wake, Chrispin, alitumwa mnadani na mbuzi wawili, auze, anunue bati za jiko. Huko akakutana na mtoto wa stesheni masta mmoja wa zamani wa Itigi, mzee amefariki, watoto wanagawa vitu. Wakabadilishana pale pale, mbuzi kwa sanduku. Witness amekaa mwaka mzima anapika huku mvua inamnyeshea kwenye sufuria, na mumewe anarudi anaruka ruka kwa furaha na masahani meusi. Alipomwuliza bati ziko wapi akamwambia, "Subiri kwanza usikie hii." Na hata cha kuzipigia hana!

"Nikamwambia kama anazipenda kuliko mimi, azifuate ziliko," Witness akasema. "Nikabeba."

Nikamwambia amefanya vizuri kabisa. Fundi redio mzima, miaka thelathini na kitu, hana akili. Nilitaka kuzichoma leo leo, ila jiko lilikuwa limeshawaka.

Jumanne, 20 Mei

Upepo na vumbi. Tumekata alizeti. Sanduku liko chini ya kitanda changu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimelifungua nione kama kuna mende. Mende hakuna. Kuna ngoma za kwetu na za Wanyaturu, kuna za dansi za wakati nikiwa msichana, na kuna za Wazungu waliovaa kofia pana wamesimama na ng'ombe. Yule stesheni masta alizifuta vumbi maisha yake yote, zinang'aa. Nimezihesabu nikaacha, usingizi ulinishika.

Marehemu mume wangu Elisha aliacha gramafoni ya betri, ile inayofungwa kama begi. Santuri zake zilikuwa tatu tu. Moja ilivunjika, moja jua liliikunja, ya tatu mbuzi aliikanyaga. Tangu hapo mashine ninaiwekea mbegu juu.

Jumamosi, 24 Mei

Nilitaka tu kujua kama bado inazunguka. Nikatoa betri za redio na za tochi, na mbili nikaazima kwa Dorika, nikamwambia ni za kuangalia kuku usiku. Nikaweka santuri ya dansi. Ikakwaruza. Ikakohoa. Halafu, Yesu wangu, tarumbeta zikaingia ndani ya nyumba yangu!

Witness alikuwa anapepeta mtama uani. Akaja mlangoni ananiangalia na ungo mkononi.

"Mama, na wewe?"

Nikamwambia nazikagua. Ni mali ya ugomvi, lazima ikaguliwe.

Mwisho betri zikachoka. Yule mwanamke aliyekuwa anaimba vizuri akaanza kuimba kama mwanaume, halafu kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 28 Mei

Nimeanika betri juani pamoja na alizeti. Zikipata joto la mchana zinatoa nyimbo nne au tano jioni.

Jumapili, 1 Juni

Wamekuja. Chrispin pamoja na mshenga wake, Mzee Paskali, yule yule aliyesimamia posa. Niliwaona wakishuka kwenye pikipiki, nikakimbilia ndani, nikashusha khanga mlangoni. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, hawapeani mkono, hawali chungu kimoja. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia porini. Kwa hiyo mimi chumbani, wao sebuleni, Mzee Paskali kwenye kigoda katikati.

Mzee Paskali akasema, "Mama Witness, kijana wako amekuja. Anasema amekosa."

Nikasema, "Amekosa nini?"

Mzee Paskali akamgeukia, "Mama anauliza umekosa nini."

"Nimekosa bati, Mama."

"Anasema amekosa bati."

Nimemsikia! Khanga ina unene gani? Lakini mila ni mila. Nikajibu kwamba siku ya kwanza jibu halitolewi, warudi Jumapili ijayo. Hilo si uongo, ndivyo inavyofanyika. Wakanywa uji wakaondoka. Witness alikuwa jikoni muda wote anakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Chrispin hakuuliza sanduku. Ila nilichungulia tundu la khanga nikamwona anaangalia chini ya meza, chini ya benchi, juu ya kabati. Mwizi yule! Amefuata mke au amefuata sahani?

Jumanne, 3 Juni

Leo nimepiga ile ya Mzungu mwenye kofia. Dorika alikuja kudai betri zake akabaki. Wakapita na vijana wawili wachunga ng'ombe, wakaegemea fimbo zao dirishani. Yule Mzungu ana sauti ya kuvuta, kama mtu anayeita ndama jioni. Na kwenye jalada, nyuma yake, wamesimama ng'ombe wazuri, wamenona.

Kijana mmoja akasema, "Huyu amepotelewa na ng'ombe."

Mwenzake akasema, "Jike. Sikia anavyolia. Dume haliliwi hivyo."

Dorika akasema labda ameibiwa. Tukamhurumia sana. Mimi nikasema huyo ng'ombe lazima alikuwa na mimba, maana uchungu ule si wa maziwa tu. Tukarudia mara tatu. Vijana wakataka kujua nchi hiyo wezi wa mifugo wanafanywaje.

Witness akapita na ndoo ya maji. Yeye amemaliza kidato cha nne, Kiingereza anakisikia. Akasema bila kusimama, "Hakuna ng'ombe hapo. Ameachwa na mke. Anamwambia taa ya mlangoni hajaizima."

Wale vijana wakaaga wakafuata ng'ombe wao.

Jumamosi, 7 Juni

Balaa. Mashine imekufa katikati ya wimbo. Injini inalia, sahani haizunguki. Nimegonga pembeni, nimegonga juu, nimeomba. Sijalala vizuri.

Jumapili, 8 Juni

Wamerudi. Mzee Paskali amevaa koti safari hii, ameandaa maneno mazito. Akaanza kuhusu ndoa ni kitu gani na kanisa linasema nini. Nikamwacha afike nusu, kisha nikasema kutoka nyuma ya khanga:

"Mzee Paskali, hebu muulize huyo kijana. Kama mtu ana gramafoni, injini inalia lakini sahani imesimama, tatizo linakuwa nini?"

Nikasikia kigoda kinalia.

"Mama anauliza..."

"Nimesikia, Mzee," Chrispin akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imechangamka. "Mwambie mama ni mkanda. Umekatika au umelegea."

"Anasema mkanda."

"Mwambie nimesikia. Muulize dawa yake."

Dawa yake ni tyubu ya baiskeli, unakata utepe mwembamba kama kidole cha mtoto. Chrispin alikuwa nayo mfukoni. Fundi gani anatembea na tyubu siku ya kuomba mke? Akampa Mzee Paskali, Mzee Paskali akaipitisha chini ya khanga huku amegeuza uso.

"Mwambie mama afungue skrubu nne za chini."

"Mama, fungua skrubu nne za chini."

"Nne? Mimi naona tatu."

"Mama anaona tatu."

"Mwambie ya nne imejificha chini ya karatasi ya nembo."

Hivyo hivyo saa nzima. Mzee Paskali alirudia kila neno, jasho linamtoka, kofia ameivua. Mara akachanganya, akaniambia mimi nivute kidogo kushoto, halafu akamgeukia fundi mwenyewe akamwambia asishike waya. Nikapiga kelele, "Mzee, usirudie, nasikia!" Akasema, "Mama Witness, nikiacha kurudia mtakuwa mmeongea, na mimi nitaulizwa." Hapo ana haki.

Mkanda ukakaa. Nikaweka sahani. Ngoma ya Kinyaturu ikaanza, filimbi na manyanga, na kule sebuleni nikasikia miguu. Alikuwa anacheza! Mkwe wangu, aliyekuja kuomba radhi, anakanyaga sakafu yangu na viatu. Mzee Paskali akasema, "Kaa chini, kijana, unatuaibisha," lakini na yeye kiatu chake kilikuwa kinagonga.

Ilipokwisha, Mzee akauliza, "Sasa, kuhusu binti?"

Nikasema lazima baba yake mdogo, Samweli, awepo, naye yuko Itigi kwenye biashara ya asali. Nitamwita. Bila Samweli sina mamlaka.

Ni kweli Samweli yuko Itigi. Simu nitapiga.

Alhamisi, 12 Juni

Mawingu siku nzima. Betri hazikupata joto. Tumekula mapema tukalala.

Jumapili, 15 Juni

Wamekuja mara ya tatu. Samweli hajaja. Nikasema pia alizeti haijapigwa, na mimi ni mjane, nani atanisaidia kupiga? Basi Chrispin akavua shati lake la kanisani, akaenda uani, akapiga alizeti kwa fimbo mpaka jua likazama. Mimi nimejifungia chumbani kama mwali, siwezi kutoka kwenda hata chooni kwa sababu mkwe yuko uani. Nilikoma.

Nilimwona dirishani. Witness alikuwa anakusanya mbegu upande mmoja wa turubai, yeye anapiga upande wa pili. Hawakuongea. Ila kila akipiga, anasogea kidogo.

Amepiga vizuri, siwezi kumsingizia. Nikasema bado Samweli.

Jumatano, 18 Juni

Baridi. Nimegundua upande wa pili wa ile santuri ya tarumbeta ni mzuri kuliko wa kwanza. Zimebaki ambazo sijasikia kama nusu.

Jumamosi, 21 Juni

Dorika hana adabu. Tulikuwa tunachambua mawe kwenye mtama, akaniambia hivi hivi, "Evodia, yule Samweli unayemngoja, umempigia?"

Nikamwambia mtandao wa Itigi ni mbaya.

"Mimi nimeongea na shangazi yangu Itigi leo asubuhi. Nilimsikia mpaka anavyomeza mate."

Akaendelea, maana Dorika akianza haachi. "Wewe unajua mkwe wako akichukua mke atachukua na sanduku. Ndiyo maana. Unamweka mtoto wa watu rehani kwa ajili ya tarumbeta."

"Mtoto wa watu? Ni mwanangu!"

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Nimemfukuza. Nimemrudishia na betri zake, ingawa jioni nimetuma mtu kuziazima tena. Mimi namlinda binti yangu. Mwanamume aliyetoa mbuzi kwa sahani leo, kesho atatoa nini? Mama mwenye akili hakubali haraka.

Jumapili, 22 Juni

Wamekuja. Nimesema naumwa kichwa.

Jumanne, 24 Juni

Witness hajamaliza chakula.

Alhamisi, 26 Juni

Tena.

Jumamosi, 28 Juni

Leo naandika mengi na mkono unauma.

Nilikwenda mashineni Iguguno kusaga, nikakuta umeme umekatika, nikarudi mapema na mtama wangu kichwani. Nilipofika nyuma ya nyumba nikasikia muziki. Witness, ambaye mwezi mzima anapita na ndoo kama vile hasikii kitu, alikuwa chumbani kwangu anapiga gramafoni. Nikasema leo nimemkamata, nitamcheka mpaka akome.

Ilikuwa ile ya Mzungu wa kofia. Ikaisha. Nikasikia sindano inanyanyuliwa, inarudishwa mwanzo. Ikaisha. Ikarudishwa. Nikabaki nimesimama na mzigo kichwani, nimesahau kuutua. Mara ya nne betri zikaanza kuchoka, yule Mzungu akaanza kuvuta maneno, sauti ikashuka, ikawa ya kuchekesha kabisa, ile inayoniangusha kila siku. Witness hakucheka. Alikuwa analia, na si kilio cha kelele. Alikuwa analia huku anamwimbia yule Mzungu aliyechoka, taratibu, anamsaidia kumaliza.

Nilitua mtama. Nilikaa kwenye mawe ya jiko nje, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nilijiuliza swali moja la maana: nani kasema mwanangu anataka kubaki hapa? Mimi. Aliporudi alikuwa na hasira ya bati. Hasira ya bati inachukua wiki, tuseme wiki mbili. Angekuwa ameshafika kwake, ameshamgombeza, wameshacheka. Mimi ndiye niliyeshusha khanga mlangoni na kuikalia. Nimeona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na joto, uso mzima uliniwaka.

Nilimchukia Dorika zaidi, kwa sababu alisema kweli.

Jumapili, 29 Juni

Hawakuja. Nilishusha khanga tangu saa nne, nikakaa. Pikipiki tatu zimepita, hakuna iliyosimama. Witness alivaa asubuhi gauni la bluu, lile alilokuja nalo mwilini. Saa kumi alilivua akavaa langu la shamba.

Sasa nifanyeje? Kwetu mwenye binti hamfuati mume. Ni yeye anayekuja, mpaka miguu imwote malengelenge. Mama mkwe kumwita mkwe wake, huko sijawahi kusikia. Nikamwuliza Dorika (tumepatana, hana mtu mwingine wa kumsema) kama kwenye simu inahesabika kuwa mmeonana. Dorika akawaza, akasema wazee waliofunga miiko hiyo hawakuwa na simu, kwa hiyo ni mimi na Mungu wangu.

Niliingia ndani, nikageuza uso ukutani, ingawa yeye yuko Ilongero. Nikapiga.

Akapokea, "Haloo?"

"Ni mama yake Witness."

Nikasikia kishindo, vitu vinaanguka, kama ndoo na vyuma. Halafu sauti yake ikaja kutoka chini kabisa. "Shikamoo, Mama. Samahani, nimechuchumaa."

"Marahaba. Umegeuka?"

"Nimegeuka, Mama. Naangalia ukuta."

"Na mimi naangalia ukuta. Mbona leo hamkuja?"

"Mzee Paskali amechoka, Mama. Amesema ameshakuwa redio, anataka kupumzika. Nikadhani na nyie mmechoka."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia, sasa msikilize. Akianza na sanduku, hata kwa kuzunguka, hata akiuliza tu kama panya hawajaingia, nakata simu na binti haendi.

"Mama," akasema, "anakula?"

Basi. Hilo tu. Ukuta wangu una ufa mmoja kutoka dirishani mpaka chini, niliuangalia mpaka macho yakajaa.

Nikamwambia, "Hali. Njoo umchukue."

"Na Baba mdogo Samweli?"

"Samweli yuko kwenye asali. Wewe njoo."

Jumatatu, 30 Juni

Nimefua khanga ya mlangoni.

Jumatano, 2 Julai

Amekuja bila mshenga, na pikipiki ya kukodi, na bati mbili zimefungwa ubavuni. Nani anasafirisha bati toka Ilongero mpaka kwetu Kinyangiri ili azirudishe Ilongero? Alitaka Witness azione kwa macho. Ndiyo maana nasema hana akili. Witness alizigonga na kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua tikiti, akasema, "Nyembamba." Halafu akaingia ndani kuvaa gauni la bluu.

Niko nyuma ya khanga. Hakuna wa kurudia maneno. Chrispin akasimama sebuleni na kumwambia paka wangu, "Paka, mwambie mama sanduku libaki. Mimi nimefuata mtu."

Sikilizeni, ninyi kurasa: nililitaka lile sanduku. Nilifungua mdomo kumwambia paka aseme asante. Kuna sita ambazo sijazisikia bado.

Witness akatoka na kifurushi chake akasema, "Mume wangu haachi vitu vyake kwenye nyumba za watu. Linakwenda."

Nyumba za watu! Nyumba niliyomzalia!

Nikasema, "Litoeni. Litoeni haraka kabla sijabadilika."

Lakini sanduku ni zito. Siku ile Witness alilibeba kwa hasira, na leo hasira hana, halinyanyuki. Mwenye pikipiki ameshikilia pikipiki iliyoelemewa na bati. Dorika anaumwa mgongo. Nani amebaki? Nikajifunika khanga kichwa kizima, nikatoka kinyumenyume, nikashika mpini mmoja. Chrispin akageuka naye, akashika wa pili. Tukaenda hivyo, migongo imeangaliana, yeye anaangalia kwa Dorika, mimi naangalia kisimani, tunatembea upande upande, tunagonga kuku. Mara nyasi, mara jiwe. Yeye anamwambia Dorika, "Kushoto kidogo." Mimi nakiambia kisima, "Polepole, kuna shimo." Wale vijana wachunga ng'ombe walikuja mbio kutazama. Dorika alikaa chini kabisa kwa kicheko, na mgongo wake ule.

Lilipofungwa, Chrispin alisogea mbali kwa adabu, akaangalia milima. Witness akanishika mkono.

Nikamwambia, kwa sababu nisingelala, "Samweli sikumpigia."

"Najua. Simu yako vocha naweka mimi, Mama. Haikupungua."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mara ya pili."

"Ala! Sasa mbona ulikaa? Si ungesema tu, 'Mama, nataka kwenda kwangu'?"

Akaangalia chini, akawa anachora na kidole cha mguu, kama alivyokuwa mdogo. "Ulikuwa unacheka," akasema. "Betri zikichoka. Tangu Baba afariki sijakusikia ukicheka. Nikasema ngoja wiki moja zaidi. Halafu nyingine."

Nikamwambia mwongo, apande pikipiki, safari ni ndefu. Akapanda. Wameondoka wamebanana watatu na sanduku na bati zinalia njia nzima.

Nimerudi nikapepeta alizeti mpaka giza. Ndani kimya. Nimelia kidogo, siwezi kuficha. Wakati nawasha moto nikamkumbuka Mzee Paskali na kofia yake mkononi, akimwambia fundi asishike waya, nikacheka. Nikacheka tena, peke yangu, kwa sauti, na gramafoni imefungwa, mpaka Dorika akapaza sauti kutoka kwake kuuliza kuna nini.

Nikamjibu, "Hakuna kitu. Ni mimi."